Countdown: neno fupi la uhakika lina thamani kuliko refu la kubahatisha

Countdown, shindano la televisheni la kuunda maneno ya Kiingereza na kupiga hesabu, iko hewani kwenye Channel 4 ya Uingereza tangu tarehe 2 Novemba 1982, na wachezaji wapya bado wanaangukia shimo lile lile: tamaa ya herufi moja zaidi. Neno la herufi saba lina alama 7. Ukitaja la nane na kamusi ikalikataa, unapata 0, na mpinzani mwenye sita halali anaondoka na alama zake. Herufi tisa tu ndizo zinazolipwa maradufu, alama 18.

Mchezo una raundi 15, na 10 kati yake ni za herufi, kwa hiyo mazoezi yaelemee huko. Unaomba irabu au konsonanti moja moja mpaka zifike tisa, ndizo za kuundia neno refu kadiri uwezavyo. Irabu zisipungue tatu, konsonanti zisipungue nne. Irabu nne kwa konsonanti tano ni mgawo mzuri. Kisha una sekunde 30.

Aliyekulia Kiswahili ana mazoea ya kuacha hapa. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, basi macho huitafuta mwishoni. Kiingereza kinapenda kufunga kwa konsonanti. Ukiona I, N na G, zitenge upande mmoja. E na R, au E na D, vivyo hivyo. Chukua A E G I M N R S T. Toa ING, unabaki na A E M R S T: STREAM, MASTER. Hapo umepata STREAMING na MASTERING. Lakini EMIGRANTS huioni kwa njia hiyo, ndiyo maana sekunde kumi za mwisho hutumika kuvunja ulichokwisha kukitenga.

Usibandike ER kwenye kila kitenzi; neno lenyewe lazima liwemo kwenye kamusi. Majina yenye herufi kubwa na maneno yenye kistari hayakubaliwi. Kosa la aibu zaidi ni kutumia mara mbili herufi iliyotoka mara moja: zikate kwa kalamu kabla ya kutangaza.

Raundi za namba ni nne: unapewa namba sita, na kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya unatafuta namba nyingine iliyowekwa, yaani shabaha. Kufika shabaha kamili ni alama 10, kuikosa kwa 1 hadi 5 ni 7, kwa 6 hadi 10 ni 5, na anayelipwa ni aliye karibu zaidi. Si lazima namba zote sita zitumike. Ukiwa na 100, 25, 3, 6, 7 na 9, shabaha 684, anza na mia iliyo karibu: 100 × 7 ni 700, imezidi kwa 16, na 25 − 9 ndiyo 16.

Fumbo la mwisho ni neno la herufi tisa zilizovurugwa, na lina alama 10 kwa anayewahi kitufe na kulitaja. Jibu ni moja tu kwa kila mchezaji. Ukikosea, muda uliobaki ni wa mwenzako. Ukiongoza kwa alama 11 au zaidi, bonyeza hata ukiwa na shaka, kwani hakuna cha kupoteza. Ukiongoza kwa 4, lisome neno lote kimoyomoyo kabla mkono haujaenda.