Mbona chungwa halijikunji kama wimbi?

Shehe, umeuliza: kama elektroni, ile chembe ndogo ndani ya atomu, ni wimbi, mbona chungwa la Muheza ukilirusha linakwenda njia moja tu, na je, Newton, aliyetuandikia kanuni za mwendo wa vitu, alikosea?

Hakukosea. Chungwa nalo lina wimbi lake, ila ni dogo kupita kiasi. Mwanafizikia Louis de Broglie alishatoa hesabu ya urefu wake mwaka 1924: chukua namba ya Planck (namba ndogo mno isiyobadilika ya fizikia), gawa kwa uzito mara mwendo. Chungwa la gramu 200 likienda mita 5 kwa sekunde, unapata wimbi la urefu wa kama mita 6.6 × 10⁻³⁴. Kiini cha atomu chenyewe upana wake uko kwenye mita 10⁻¹⁵. Utaliona wapi?

Shuka ufukweni Raskazone, Tanga, maji yakijaa, uangalie ngalawa mbili zilizofungwa karibu karibu. Wimbi likipenya katikati, upande wa pili linatawanyika kama upepeo. Zikiwa mbalimbali, linapita moja kwa moja, halina habari. Kinachoamua ni pengo ukililinganisha na wimbi. Elektroni inapata pengo la kuitosha kati ya atomu za fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa safu. Wanafizikia Davisson na Germer waliliona hilo kwenye nikeli mwaka 1927. Chungwa pengo lake halipo popote.

Wanaosema kwanta (fizikia ya vitu vidogo kama elektroni) imemfuta Newton wananichosha. Kokotoa kitu kizito kwa kwanta, wastani unakurudisha kwenye njia ileile ya Newton.

Je, kuna kikubwa zaidi ya elektroni kilichoonekana kufanya hivyo? Vienna, mwaka 1999, wanasayansi walipitisha kwenye mapengo membamba molekuli za atomu 60 za kaboni, zikaonyesha mawimbi.