Barabara ya Kulipia ya Nairobi Ilivyonichelewesha Kwenye Posa: Ushauri kwa Madereva wa Dar

Msomaji mmoja wa Mbagala ameniandikia akiuliza kama apite kwenye Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia inayopita juu, atakapompeleka mkewe Nairobi kwa gari mwezi ujao, au abaki chini na foleni za Mombasa Road. Jibu langu ni kwamba apite juu, ila kwanza ajue yaliyonipata, kwa sababu nikiikumbuka siku ile moyo bado unaniuma.

Nilikuwa mshenga. Familia ilinikabidhi wazee wanne na bahasha ya posa iliyofungwa kwa gundi pale Temeke mbele ya ukoo mzima, ikiwa na shilingi za Kenya zilizohesabiwa mara mbili. Wenyeji wetu wa South C, mtaa wa Nairobi, walitutarajia saa kumi alasiri. Safari ya Chalinze, Segera na Moshi hadi Arusha, tulikolala, haina cha kusimulia, na Namanga tulivuka bila taabu kwa kuwa hati za gari na bima ya kadi ya njano, ile ya gari linalovuka mpaka, nilizishughulikia mapema. Saa tisa kasoro tulikuwa Mlolongo, inakoanzia ile barabara ya kulipia, nami nikajua tumewahi.

Mlangoni nilipewa kadi, kizuizi kikainuka, tukapanda. Sisi wa Dar tumezoeshwa na Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, ambako ukishalipa umemaliza na hakuna atakayekuuliza tena. Nikaichukulia ile kadi kama risiti, nikampa shangazi, naye akaiweka alikoona panafaa. Sikujua kwamba kadi ndiyo inayoonyesha ulikoingilia, kwa sababu ada huhesabiwa kwa umbali na hulipwa unapotoka.

Barabara yenyewe ni nzuri, na sitainyima haki yake. Ni kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikiwa imebebwa na nguzo juu ya jiji, na humo hakuna bodaboda, bajaji wala mtembea kwa miguu. Uzuri huo ndio ulionisahaulisha kazi yangu: nilikuwa nikiwaonyesha wazee majengo, na nilipozinduka, njia yetu ya kushukia ilikuwa imeshabaki nyuma. Kwenye Morogoro Road ukipitiliza unatafuta pa kugeuzia, au unasimama pembeni ukamuuliza kijana wa bodaboda, lakini kule juu hakuna kugeuka na hakuna kusimama, kwa hiyo niliendelea, kila njia ya kutokea nikiiogopa kwa kuwa sikujua inakoteremkia, hadi Westlands, mwisho kabisa wa barabara.

Dada wa kibandani aliomba kadi. Shangazi alifungua mkoba, akafungua kapu la visheti, akatoa doti za khanga za zawadi moja baada ya nyingine hadi zikamjaa mapajani, huku magari ya nyuma yakipiga honi. Kadi ilikutwa ndani ya mfuko wa karanga. Hapo ndipo nilipotambua kwamba shilingi za Kenya nilizobadilisha Namanga nilikuwa nimezimaliza kwa mafuta Kitengela, na mfukoni nilikuwa na noti za nyumbani tu. Baba mkubwa hakusema neno. Aliichana bahasha kwa ukucha wa kidole gumba, akatoa noti ya 1,000, akanipa bila kunitazama.

"Mwanangu," alisema tulipokwisha kutoka, "bahasha ya posa haifunguliwi njiani."

Tulirudi South C kwa barabara ya chini, katikati ya foleni ya jioni, tukafika baada ya Magharibi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mbagala, tenga fedha za Kenya za barabara peke yake, usizichanganye na za mafuta. Kwa gari dogo, Mlolongo hadi Westlands ilikuwa shilingi 360 za Kenya barabara ilipofunguliwa mwaka 2022, na Januari 2024 ikapanda hadi 500. Kadi ikae kwako wewe dereva, si kwa abiria, hata awe mkeo. Jina la mahali pa kushukia ulijue kabla hujapanda, na njia za malipo ya kielektroniki waachie wenye vifaa vyake. Narudia: fedha kando, kadi kwako.

Ninawaambia hasa vijana wanaodhani kwamba barabara pana inapunguza kazi ya dereva. Serikali yetu nayo imekwisha kutangaza mpango wa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kuelekea Chalinze na Morogoro, na siku itakapofunguliwa sitaki kuona mtu wa Dar akipekua mikoba mlangoni wakati amebeba mgonjwa, maiti au posa. Anayekukabidhi wazee wake amekukabidhi heshima yake, na heshima haisubiri utafute kadi.

Posa yetu ilikubaliwa, na bwana na bibi harusi sasa wanaishi Tabata. Baba mkubwa alirudi Dar kwa basi.