Barua kwa Mwanangu Anayekula Vyakula Vibichi vya Mimea Tu

Muheza, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako imenifikia na nimeisoma kwa utulivu. Umenieleza kwamba kwa miezi mitano sasa umeacha nyama, samaki, maziwa na mayai, na juu ya hayo umeacha pia kupika, hivyo unakula matunda, mboga na mbegu vikiwa vibichi. Kiungulia kilichokutesa miaka mingi kimetulia, lakini uzito umeshuka kutoka kilo 58 hadi 51, ikifika saa nane mchana unaishiwa nguvu ukiwa kazini, unasikia baridi wakati wenzako wanalalamikia jua la Dodoma, na mwezi uliopita hukuziona siku zako. Kisha ukauliza: "Mama, nifanye nini ili uzito usizidi kushuka na nguvu zirudi, bila kuiacha njia niliyoichagua?" Umefanya vizuri kuuliza mapema. Nitakujibu nikiwa mama yako na nikiwa pia muuguzi niliyestaafu kutoka kliniki ya mama na mtoto.

Kwanza naomba tutenganishe mambo mawili ambayo umeyafunga pamoja. Kuacha vyakula vitokanavyo na wanyama ni uamuzi mmoja, na kuacha moto ni uamuzi mwingine. Uamuzi wa kwanza unaweza kuishi nao maisha yako yote ukiwa na mwili wenye afya, mradi upate vitamini B12 kwa njia ya vidonge, na sina ugomvi nao hata kidogo. Uamuzi wa pili ndio unaokupunguza kilo na kukumaliza nguvu. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wengi wanaochoka katika ulaji kama wako huanza kudhani kwamba wanahitaji nyama, wakati wanachokosa hasa ni chakula cha kutosha.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu ya ulaji ulioniandikia. Asubuhi unakula kipande kikubwa cha papai na kingine cha tikiti maji, mchana bakuli la kachumbari ya matango, nyanya, karoti na kabichi, jioni machungwa manne na ndizi mbivu mbili. Nikikadiria papai kuwa gramu 500, tikiti gramu 500 na kachumbari gramu 600, chakula chako cha siku nzima kina uzito wa karibu kilo mbili na nusu, lakini nishati yake ni takriban kalori 1,000 tu. Mwanamke wa umri wako, mwenye urefu wako na anayetembea kama unavyotembea, anahitaji karibu kalori 2,000. Kwa hiyo unashiba kweli, hukosei unaposema tumbo limejaa, ila limejaa maji na nyuzinyuzi. Gramu 100 za tango zina kalori kama 15, za tikiti 30, za papai 43. Mwili hauna namna ya kufidia upungufu wa nusu nzima kila siku isipokuwa kwa kula akiba yake, na akiba hiyo ikipungua huanza kubana matumizi: joto la mwili linashuka, nguvu zinapungua, na hedhi inasimama.

Sasa tazama upande wa pili wa karatasi. Parachichi moja kubwa lenye nyama ya gramu 200 linakupa kalori 320. Gramu 100 za nazi iliyokomaa zinakupa kama 350. Karanga gramu 60, yaani viganja viwili, ni 340. Tende gramu 100 ni 280. Ndizi mbivu nne ni zaidi ya 400. Jumla yake inafika 1,700, na vyote hivyo pamoja havifiki uzito wa kilo moja. Ukishavila, papai lako na kachumbari yako vinaingia kama nyongeza, navyo vina kazi yake, kwani vinaleta vitamini na maji. Siri yote iko katika mpangilio huo: anza na kizito, malizia na chepesi. Wewe umekuwa ukianza na chepesi, na ukishajaa huna tena nafasi ya kizito.

Mafuta usiyaogope. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga au protini ina 4, na kwa mtu asiyepika hicho ndicho kimbilio. Isitoshe, rangi ya njano iliyomo katika karoti na embe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri ikiliwa pamoja na mafuta, kwa hiyo kachumbari bila parachichi wala ufuta ni hasara mara mbili. Chukua nazi, ikune kwa mbuzi kama tunavyofanya hapa nyumbani, ikamue tui zito bila kulichemsha, kisha utie tui hilo katika blenda pamoja na ndizi mbivu mbili, tende ulizozitoa kokwa na kijiko cha ufuta uliosagwa. Kikombe kimoja cha mchanganyiko huo asubuhi kitakufikisha adhuhuri ukiwa na akili timamu. Najua nazi za Dodoma ni ghali, kwa hiyo nitakuwa nakutumia kwa basi. Karanga nazo ni afadhali uzisage ziwe siagi, kwa sababu karanga nzima isiyotafunwa vizuri hutoka mwilini na sehemu ya mafuta yake. Dodoma yenyewe ina karanga, alizeti, ubuyu na zabibu, huna haja ya kununua mbegu za gharama zinazotoka ng'ambo.

Kuhusu wanga, hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunapata sehemu kubwa ya nguvu zetu kutoka kwenye mahindi, mchele, mihogo, viazi na ndizi za kupika, na wanga wa vyakula hivyo ukiwa mbichi tumbo la binadamu huumeng'enya kwa shida. Moto huulainisha wanga huo na kuufungua. Kuna mtafiti, Richard Wrangham, aliyewachunguza sokwe kule Gombe na baadaye kwa miaka mingi katika msitu wa Kibale nchini Uganda. Yeye anaeleza kwamba sokwe hutumia karibu saa sita kwa siku kutafuna tu, na kwamba mwili wa binadamu, wenye meno madogo na utumbo mfupi, umezoea chakula kilichopikwa. Hata Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hula matunda ya porini na asali bila kupika, mizizi yao mara nyingi huiweka motoni. Kwa hiyo ukiacha kupika unabaki na wanga wa aina moja tu unaokufaa, nao ni ule ambao mti umekwisha kuugeuza kuwa sukari: ndizi iliyoiva hadi ikatoa madoadoa, embe, fenesi, tende, zabibu kavu. Ndizi yenye ukijani inajaza tumbo na kukupa kidogo.

Nakuandikia pia matokeo ya utafiti, maana wewe ni mtu wa kutaka ushahidi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 500 waliokuwa wakila vyakula vibichi kwa muda mrefu. Wanawake walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 12, robo yao walikuwa na uzito ulio chini ya kiwango cha afya, na takriban asilimia 30 ya wale wenye umri chini ya miaka 45 walikuwa wamekosa hedhi kwa sehemu au kabisa. Kadiri sehemu ya vyakula vibichi ilivyokuwa kubwa, ndivyo uzito ulivyokuwa mdogo. Miaka sita baadaye, watafiti wa St. Louis, Marekani, walipima mifupa ya watu waliokuwa wakila vibichi vya mimea kwa miaka kadhaa, wakaona uzito wa mifupa ya kiuno na nyonga uko chini kuliko wa wenzao. Nakutajia haya ili ujue kwamba yanayokupata hayatokani na udhaifu wako binafsi wala hayaitwi "kusafisha mwili". Hedhi ikikosekana kwa sababu ya njaa, mifupa nayo inapoteza kinga yake, na mifupa ya mwanamke hujengwa katika umri huo ulio nao sasa.

Vitamini B12 sitaki iwe jambo la hiari. Haipatikani katika mmea wowote kwa kiasi cha kutegemewa, na mwani au spirulina usikubali kuuziwa kama badala yake. Kati ya Wajerumani hao wanaokula vibichi, uchunguzi wa baadaye ulikuta zaidi ya mmoja kati ya watatu akiwa na upungufu wake. Ini huhifadhi vitamini hii kwa muda mrefu, ndiyo maana mtu hukaa mwaka hata miwili akijiona salama, kisha zinaanza ganzi za miguu, usahaulifu na uchovu. Tena kuna mtego: foleti, vitamini iliyojaa katika mboga za majani, inaweza kuficha upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Meza kidonge cha mikrogramu 50 kila siku, au cha 2,000 mara moja kwa wiki. Madini joto utayapata ukinyunyiza kidogo chumvi iliyowekewa madini hayo; chumvi ya mawe isiyo na madini joto usiitumie. Madini chuma ya mchicha na mbegu za maboga yafuatishe na limau, pera au ubuyu.

Yapo na mengine ambayo moto ulikuwa ukikulinda bila wewe kujua. Maharage mekundu usiyale mabichi wala yaliyochipua, kwani yana sumu inayotapisha na kuharisha. Choroko ndizo zinazofaa kuoteshwa, lakini hata hizo zioteshe mwenyewe kwa maji safi na uzisuuze asubuhi na jioni; mwaka 2011 zaidi ya watu 50 walikufa Ujerumani kwa bakteria waliosambaa kupitia machipukizi ya uwatu. Mihogo mibichi ile inayouzwa na wachuuzi pamoja na vipande vya nazi, kipande kimoja si neno, ila usiifanye chakula chako cha kila siku, kwa sababu mihogo ina sumu ya sianidi, na ile michungu usiiguse kabisa. Karanga zichambue moja moja mezani: iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupe, na ukitafuna moja ukasikia uchungu, iteme. Unakumbuka mwaka 2016 huko huko Dodoma na Manyara watu walivyopoteza maisha kwa mahindi yenye sumukuvu. Kuvu hao hao hukaa katika karanga zilizohifadhiwa vibaya. Na msimu wa mvua, kipindupindu kinapotangazwa, kachumbari ni hatari ya kweli, kwa hiyo wakati huo kula matunda unayoyamenya mwenyewe tu. Baada ya machungwa na malimau sukutua kwa maji, usikimbilie mswaki, maana asidi hulainisha meno.

Mimi ukiniuliza ninachotaka hasa, nitakwambia ubakize mlo mmoja wa moto kwa siku, wa mimea mitupu: wali wa nazi na choroko, au viazi vitamu na kisamvu, kisha asubuhi na mchana uendelee na vibichi vyako. Hutakuwa umevunja ahadi yako kwa mnyama yeyote. Kiungulia chako sidhani kilitokana na moto. Ulipokuwa hapa nyumbani nilikiona kikikushika baada ya chipsi, maandazi na chai ya rangi usiku wa manane, na vyote hivyo hutavirudia. Lakini wewe ni mtu mzima na mwili ni wako, kwa hiyo kama bado unataka kuendelea na vibichi pekee, tukubaliane mpaka.

Urefu wako ni mita 1.64. Kwa kilo 51, uwiano wa uzito na urefu wako (BMI) ni karibu 19, na kiwango cha chini cha afya ni 18.5. Ukifika kilo 49 utakuwa umekwisha kuvuka. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, kwenye mizani ile ile, na uniandikie. Nataka uzito urudi polepole, nusu kilo kwa wiki inatosha. Ukiendelea kushuka kwa wiki mbili hali unakula kama nilivyokueleza, au siku zako zikikosekana tena mwezi huu, utapika mlo huo mmoja bila kunibishia. Wiki hii hii nenda hospitali, umweleze daktari kila unachokula, naye akupime wingi wa damu, B12, tezi la shingo na mimba, kwa sababu kuchoka, kusikia baridi na kukosa hedhi kunaweza kuwa na chanzo kingine, na sitaki tuitupie lawama bakuli la kachumbari wakati ugonjwa unaendelea.

Ijumaa nitapeleka kifurushi stendi, kina nazi kumi, ufuta na fenesi bivu lililokwisha kutolewa kokwa, kwa hiyo ulile siku hiyo hiyo. Majibu ya vipimo yakitoka nipigie ukiwa na karatasi mkononi, unisomee namba zote pamoja na viwango vilivyoandikwa pembeni yake.

Wako akupendaye,
Mama