Templeti itakurudishia seva, haikurudishii funguo: yaliyonikuta na VPN ya wateja wangu

Juzi usiku kijana mmoja wa Morogoro kanitumia picha ya skrini yake WhatsApp, chini kaandika "Kaka shikamoo, samahani kwa usumbufu, hii nikiruhusu kuna shida?" Nikaikuza ile picha. Terraform, ile programu inayojenga seva kutoka kwenye faili, imemaliza kupanga, mstari wa mwisho unamwambia kimoja kitaongezwa, kimoja kitabadilishwa, kimoja kitaharibiwa, na juu yake kuna ile alama ya -/+, yani vunja na jenga upya, pembeni ya seva yake ya VPN, ile njia ya siri ya kuingia kwenye mfumo wa ofisi ukiwa mbali. Yeye alichokuwa anataka ni kuongeza sheria moja tu ya fayawoli, ule ukuta unaochagua nani aingie kwenye seva. Nikampigia hapo hapo, saa tano usiku, nikamwambia mdogo wangu toa mkono kwenye kibodi kwanza.

Naandika haya kwa sababu mimi simu ya namna hiyo hakuna aliyenipigia.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua kazi yangu ni VPN za maofisi. Yani kampuni ina matawi, karani yuko Mwanza au Mbeya, anataka kuingia kwenye mfumo wa uhasibu bila huo mfumo kuachwa wazi kwa dunia nzima. Nilianza kwa kuseti seva moja moja kwa mkono na programu ya OpenVPN, baadaye nikahamia WireGuard, programu nyingine ya VPN, ilipoingizwa rasmi kwenye keneli (kiini) ya Linux toleo la 5.6, Machi 2020, na sijawahi kujuta maana faili lake la seti ni mistari michache unaisoma ukaielewa. Halafu nikajifunza CloudFormation, zana ya AWS, yani huduma ya Amazon ya kukodisha seva, inayojenga vitu kutoka kwenye faili la maelekezo tunaloliita templeti. Jamani, mtu aliyezoea kukaa saa tatu anaandika amri moja moja, halafu siku moja anabonyeza kitufe na mtandao, fayawoli, seva na anwani ya IP vyote vinasimama vyenyewe kutoka kwenye faili moja la maandishi, YAML, huyo mtu anajiona kafika. Mimi nilijiona nimefika. Nilikuwa namwambia mteja "nikilala nikiamka na seva imekufa, dakika kumi umerudi hewani." Niliamini hivyo kabisa.

Hatua za mwanzo nazipita haraka. Niliweka kila kitu kwenye kanda ya AWS ya Cape Town kwa sababu kwenye ramani ni Afrika, ni jirani. Kanda ile inabidi uiwashe kwanza kwenye akaunti, nilihangaika na makosa ya ruhusa siku nzima kabla sijajua hilo. Na bei ya data inayotoka pale ilikuwa kama dola 0.154 kwa GB moja wakati Ulaya ni 0.09, ukishamaliza zile GB 100 za bure za mwezi. Mimi nilikuwa nimepitisha intaneti yote ya wafanyakazi kwenye VPN, AllowedIPs ni 0.0.0.0/0, kwa hiyo kila video anayoangalia mtu wa stoo naibeba mimi. Mwezi wa pili bili ikavuka dola 200. Nikabadilisha ipite njia ya mfumo wa ofisi tu, vingine viende moja kwa moja, bili ikashuka. Hilo lilikuwa la kulipa likaisha.

Lililoniumiza ni la tarehe 27. Naikumbuka tarehe kwa sababu ilikuwa wiki ya mishahara.

Mteja wangu mkubwa alikuwa amefungua ofisi Tanga na fundi wao aliomba aweze kuingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali) kutoka rauta ya kule. Kitu cha mstari mmoja. Nikafungua templeti, nikaongeza IP ya ile rauta, nikabonyeza apdeti, nikakaa nikaangalia matukio yanavyopita. Dakika nne hivi ikaandika UPDATE_COMPLETE kwa rangi ya kijani. Nikafunga laptopu nikaenda kulala.

Sasa sikilizeni kilichotokea ndani ya zile dakika nne. Kwenye templeti nilikuwa sijaandika namba ya imeji ya seva, yani nakala ya Linux ambayo mashine inazaliwa nayo, niliweka ile parameta inayoiuliza AWS imeji mpya kabisa ni ipi. Mifano mingi imeandikwa hivyo na inavutia, unapata Linux iliyo na marekebisho yote. Ila swali hilo linaulizwa upya kila unapoapdeti staki, yani vitu vyote vilivyojengwa na templeti moja, hata kama umegusa kitu kingine kabisa. Tangu niisimamishe ile seva imeji mpya ilikuwa imeshatoka, na imeji haibadilishwi kwenye mashine inayotembea, kwa hiyo CloudFormation ikajenga mashine mpya, ikahamishia Elastic IP, ile anwani ya kudumu, ikaona mambo safi, ikaiua ya zamani na diski yake. Ndani ya diski hiyo, kwenye /etc/wireguard, ndimo ulimokuwa ufunguo wa siri wa seva na orodha ya watu wote 63. Ile skripti yangu ya kuanzia niliiandika kwa ajili ya siku ya kwanza, kwa hiyo ilipoamka kwenye mashine mpya ikafanya ilichofundishwa, ikazalisha ufunguo mpya, ikawasha WireGuard ikiwa haina mtu hata mmoja ndani.

Na WireGuard haimjibu mtu isiyemjua. Haisemi umekosea, haisemi ondoka, inanyamaza tu. Kwa hiyo asubuhi watu waliwasha VPN kwenye simu na kompyuta zao, swichi ikawaka vizuri kama siku zote, ukiingia ndani ya programu unaona data iliyotumwa inapanda, KB kwa KB, na iliyopokelewa ni sifuri. Nimeiangalia hiyo sifuri kwenye simu yangu mwenyewe mpaka macho yakauma.

Saa mbili kasoro mhasibu mkuu akapiga. Ni mama wa makamo, mpole sana, siku zote ananiita mwanangu.

"Mwanangu, mfumo haufunguki, na leo ndiyo tunapeleka mishahara benki."

"Shikamoo mama. Nipe dakika kumi."

Nilisema dakika kumi kwa sababu nilikuwa nimezoea kusema dakika kumi. Nikatafuta diski ya zamani haipo, nikatafuta snapshoti (nakala ya diski) sikuwahi kuchukua. Ikabidi nitengeneze funguo za watu 63 upya, mmoja mmoja, wengine wako Sumbawanga mtandao unakatika kila mara, mwingine hajui hata programu yenyewe iko wapi kwenye simu yake. Nikawatumia QR kwa WhatsApp, kosa lingine hilo, maana ile QR imebeba ufunguo wa siri wa mtu, ilibidi baadaye nizifute zote nianze tena kwa njia sahihi. Mishahara ikatoka siku tatu baadaye. Mama yule hakunigombeza hata kidogo, aliniambia pole na kazi. Ila mkataba ulipoisha hawakuuendeleza, na kwenye kikao cha mwisho mkurugenzi alisema mbele ya vijana wangu wawili, "tulimwamini kijana wa laptopu." Hilo neno bado ninalo. Nikipita barabara ya ofisi yao hadi leo naliona.

Basi tangu hapo nimejenga upya, na nataka kila anayetaka kufanya kazi hii aelewe jambo moja. Templeti inajua kujenga mashine. Haijui nini ndani ya mashine ni cha thamani. Hiyo kazi ni yako wewe, ugawe mwenyewe kipi kinaweza kufa na kipi hakitakiwi kufa, na uvitenganishe.

Kwangu sasa kuna staki mbili. Staki ya kudumu ina Elastic IP, ina ndoo ya S3 (hifadhi ya mafaili ya AWS) yenye orodha ya watu na matoleo ya zamani yanahifadhiwa, na ina ruhusa za IAM, yani nani anaruhusiwa kufanya nini. Hiyo siigusi ovyo. Staki ya pili ina seva peke yake, na hiyo naiua nikitaka. Ufunguo wa siri uko Parameter Store, sehemu ya AWS ya kutunza mipangilio, kama SecureString, yani umefichwa kwa msimbo, seva ikiamka inausoma kwa ruhusa iliyopewa, hauzalishi mpya. Hapa nikuokoe nusu siku niliyoipoteza mimi: CloudFormation haikutengenezei SecureString, usidhani umekosea YAML, inabidi uiweke wewe kwa mkono mara moja kabla ya kupandisha staki. Na usije ukauandika ufunguo kwenye UserData, ile skripti ya kuanzia, kwa kuona ni rahisi, kile kitu kinasomeka wazi kabisa, hata programu yoyote iliyo ndani ya ile mashine ikiuliza anwani ya ndani ya AWS, 169.254.169.254, inaweza kupewa.

Namba ya imeji naiandika mwenyewe, nikitaka kuibadilisha nabadilisha siku hiyo hiyo kwa makusudi na wateja wanajua. Siapdeti moja kwa moja tena, natengeneza change set (orodha ya kitakachobadilika) kwanza na ninatafuta neno moja tu, Replacement, yani kitu kuvunjwa na kujengwa kipya. Ikisema True, au hata Conditional, nasimama, nachukua bakapu, nasoma tena. Na wengi mnaweka DeletionPolicy: Retain mnajua mmejikinga. Mimi pia nilikuwa nayo kwenye baadhi ya vitu. Ile inalinda ukifuta, hailindi kitu kinapobadilishwa na kingine wakati wa apdeti, kwa hilo kuna UpdateReplacePolicy, ni mstari mwingine kabisa na ukiukosa ndiyo umeukosa.

Halafu ile kijani. CloudFormation inasema tayari mashine ikishawaka, haijui kama VPN inafanya kazi. Nimeweka CreationPolicy, amri ya kusubiri ishara, ya dakika kumi na skripti yangu inatuma ishara hiyo, cfn-signal, pale tu inapokuwa imeona ufunguo ni ule ule na idadi ya watu inalingana na orodha. Ikishindwa, inarudi nyuma na seva ya zamani inabaki hai. Kama ningekuwa na hili tarehe 27, ningeamka nimekuta nyekundu na wateja wanafanya kazi.

Suala la IP nalo msilichukulie poa, hasa kwa sisi wa Tanzania. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo Oktoba 2023 wakitaka watu na makampuni wanaotumia VPN kwa shughuli zao watoe taarifa, ikiwemo anwani za IP, mwisho 30 Oktoba. Mteja akishaandikisha IP yake halafu wewe kila ukiapdeti unampa mpya, unampeleka pabaya. Sasa hivi siku ya kwanza ya kazi, kabla sijafungua hata templeti, namuuliza mteja kama ameandikisha. IP ya umma unalipia dola 0.005 kwa saa tangu Februari 2024, haifiki dola 4 kwa mwezi, lipa tu.

Jumamosi iliyopita nilifanya jaribio ambalo nimelisubiri muda mrefu. Nilimwomba mteja mmoja ruhusa, ofisi imefungwa, nikaifuta staki ya seva yote. Nikaona mashine inakufa. Nikaipandisha tena. Dakika sita na sekunde kadhaa, nikaingia nikaandika wg show, amri ya kuonyesha nani ameunganishwa, na chini ya ufunguo wa wazi wa simu ya mlinzi wa zamu, ambaye hajui hata kilichokuwa kinaendelea, ikaandika alisalimiana na seva sekunde 9 zilizopita. Ufunguo ule ule, IP ile ile, hakuna mtu aliyegusa simu yake. Nilikaa pale nimenyamaza nikiangalia funguo za watu zinarudi moja baada ya nyingine. Mimi ndiye niliyeambiwa kijana wa laptopu.

Kwa hiyo wadogo zangu, nawaomba. Msikimbilie kuchukua mteja kwa sababu templeti imekubali mara moja. Kubali kuiua seva yako mwenyewe kabla hujampa mtu, iue mara mbili, iue mara tatu, uone inarudi na nini na inarudi bila nini. Watu wanaingiza mishahara ya familia zao kupitia mikono yako. Fundi wa umeme anazima swichi kubwa kabla hajagusa waya, na sisi tuwe na adabu hiyo hiyo, tusome mpango mpaka mwisho kabla ya kukubali. Ukiongeza mtu mpya tumia wg syncconf usizime na kuwasha VPN nzima ukawakata wote. Mwambie mteja azalishe ufunguo wake kwenye simu yake akutumie ule wa wazi tu. Na bakapu, bakapu, bakapu.

Turudi kwa kijana wa Morogoro. Kwenye faili lake nilikuta kile kile kilichonikuta mimi, kwa sura ya Terraform: ameandika most_recent = true kwenye kutafuta imeji, na imeji mpya imetoka, ndiyo maana sheria moja ya fayawoli ikataka kuivunja seva nzima. Nimemwambia aweke ignore_changes kwenye ami, yani Terraform isijali imeji mpya, apange upya, aone ile alama ya -/+ imeondoka ndiyo aandike yes. Nikamuuliza funguo ziko wapi. Kanyamaza kidogo, kasema "kwenye seva kaka, kuna watu 41."

Nimemwambia asilale. Aingie kwa SSH, akopi /etc/wireguard yote, aifunge kwa paswedi, aiweke nje ya ile mashine. Saa sita na robo kanitumia picha nyingine, faili moja dogo la KB 14, kaandika "tayari kaka."