Shangazi, mume wangu ameyabeza malengo yangu ya mwaka mpya

«Shikamoo Shangazi. Mimi ni mchoraji wa kujitegemea, na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi nyumbani peke yangu, hasa majalada ya vitabu. Mwishoni mwa mwaka niliketi siku nne nikaandaa chati ya malengo 23 ya mwaka mpya, na kila lengo nikalichorea alama yake na kulipaka rangi: kupata mapato mara tatu, kuchora majalada 40, kufungua duka la mtandaoni, kuanzisha kozi ya uchoraji, kutoa kalenda, kufikisha wafuasi 50,000 na mengineyo. Nimefuata kanuni zote za malengo: ni mahususi, yanapimika na yana tarehe. Nikaibandika ukutani, nikamwita mume wangu. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akauliza, “Na ya mwaka jana yaliishia wapi?” Akaenda kulala. Niliumia sana. Yeye anaishi kwa mshahara, hajui kwamba jalada moja hunichukua siku sita hata ninapokuwa na moyo wa kazi, wala hajui kwamba mteja anaweza kunirudishia kazi mara nane. Wateja watatu hawajanilipa tangu katikati ya mwaka, nami naona haya kuwakumbusha. Badala ya kunitia moyo, yeye huokota risiti zangu na kuzipanga katika bahasha za kila mwezi bila kuniuliza, kana kwamba mimi ni mtoto. Katika chati nilimpangia anipigie picha za kazi na kufungasha oda za duka, amekataa. Leo ni siku ya tisa hatuzungumzi. Je, nimfiche biashara yangu, au nitafute watu wanaoamini ndoto zangu? — Aliyevunjwa Moyo»

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuumia, kwa maana kuulizwa swali gumu mbele ya kazi ya mikono yako mwenyewe kunachoma, nami sitajifanya kwamba hakuchomi. Pole hiyo imetosha. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoisoma, huyo mume unayemshtaki alizidi kupendeza machoni pangu.

Unasema ameyabeza malengo yako. Nimelitafuta hilo neno la kubeza nikalikosa. Nilichokiona ni mtu aliyesoma mistari 23 yote akiwa wima, asiruke hata mmoja, kisha akauliza swali lenye maneno sita. Swali hilo hukumjibu yeye, na katika barua ndefu kiasi hiki hukunijibu mimi pia. Ya mwaka jana yaliishia wapi? Ninavyokusoma, hukujibu kwa sababu hujui, na hujui kwa sababu kujua kungekulazimu kuzifungua zile bahasha. Kuchora chati mpya kulikuwa kwepesi kuliko kuhesabu mwaka wa zamani, nawe ukachagua kilichokuwa chepesi.

Tena lile si swali la mtu asiyejua biashara. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika juu ya kosa tunalolifanya tunapopanga: mtu hukadiria muda wa kazi kwa kuutazama mpango wake jinsi ulivyonyooka kichwani, badala ya kutazama kazi za aina hiyohiyo zilizopita zilimchukua muda gani. Dawa yao ilikuwa kuanzia kwenye rekodi ya yaliyokwisha kutokea, ndipo mpango ufuate. Kahneman baadaye alitunukiwa Nobeli ya uchumi, mwaka 2002. Mume wako, kwa kusema jambo hilohilo kwa maneno sita, ametunukiwa siku tisa za kununiwa.

Unajitetea kwamba umefuata kanuni zote. Kanuni hizo zilienea kutokana na makala fupi ya George Doran katika jarida la Management Review mwaka 1981, nayo iliandikwa kwa ajili ya mameneja. Sifa mojawapo aliyoitaja, ambayo wengi wanaozinakili siku hizi wameibadilisha, ni kwamba lengo lioneshe nani atalifanya. Katika kampuni ya watu 200 safu hiyo hujazwa majina mbalimbali na mzigo ukagawanyika. Katika biashara yako safu hiyo ina jina moja, mara 22. Sikusema 23, kwa maana lengo moja ulimkabidhi mume wako bila kumuuliza, na alipokataa ukaja kuniambia kwamba hakuungi mkono. Mtu ambaye hukumwajiri hawezi kugoma, mwanangu. Umemwandikia zamu ukutani kama mtumishi, kisha unashangaa kwamba hakupiga makofi.

Sasa tupige hesabu ambayo chati yako haikuipiga. Mwaka una wiki 52. Tukitoa nne za maradhi, dharura na mapumziko, zinabaki 48, ambazo kwa siku tano za kazi kila wiki ni siku 240. Lakini mtu anayefanya biashara peke yake hachori siku zote hizo, kwa kuwa yeye ndiye karani, ndiye mhasibu, ndiye mtafuta wateja, na kompyuta ikigoma yeye ndiye fundi. Nikikukadiria kwa huruma, nusu ya siku hizo huishia huko, na za kuchora zinabaki 120. Jalada moja, kwa maneno yako mwenyewe, ni siku sita. Ukigawa 120 kwa sita unapata majalada 20, na chati yako inadai 40. Ili uyachore hayo 40 unahitaji siku zote 240, usiandike ankara hata moja, usijibu barua ya mteja hata mmoja, na hapo bado sijaigusa kozi, kalenda wala duka. Hesabu hii ingekuchukua dakika mbili nyuma ya karatasi. Wewe ulitumia siku nne kuipamba karatasi upande wa mbele, na siku nne kwako ni theluthi mbili ya jalada ambalo hakuna mteja atakayelilipia.

Hao wafuasi 50,000 nao si lengo, ni dua. Uamuzi wa kukufuata uko kwa watu usiowajua, na huwezi kujiwekea ahadi juu ya mikono ya wengine. Unachoweza kuahidi ni kile ambacho mkono wako utakifanya siku fulani: kwa mfano, kila Jumatatu kabla ya kugusa kazi nyingine unawaandikia wahariri wawili wa vitabu na kuwatumia michoro mitatu inayofanana na vitabu wanavyovitoa wao. Kwa wiki 48 hizo ni barua 96, na mwisho wa mwaka utajua kama uliziandika au hukuziandika. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa posta, na vitabu vyake aliviandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, saa ikiwa mezani mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Idadi ya kurasa za kila siku aliiandika katika daftari, ili siku aliyozembea imkodolee macho. Daftari hilo lilihesabu kurasa zake, halikuhesabu wasomaji.

Tuje kwenye mapato mara tatu. Mara tatu ya nini? Umeniambia idadi ya malengo, umeniambia rangi, umeniambia hata mume wako alisimama au aliketi, lakini kiasi ulichobakiwa nacho mwaka jana baada ya gharama hukukitaja hata kwa kukadiria. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yako naona inapotea mchana kweupe. Ungekuwa na daftari, ungeona kwamba mchoraji mwenye siku 120 hakui kwa kuongeza siku; hukua kwa kuzipandisha thamani zile alizonazo. Chukua mfano wa jalada unalolitoza 100, na 40 kati ya hizo zinaondoka kwa gharama, zinabaki 60. Ukitoza 120 kwa jalada lilelile, gharama ni zilezile 40, nawe unabaki na 80. Bei imepanda kwa sehemu moja ya tano, na kinachobaki mfukoni kimepanda kwa theluthi nzima, bila kulala kwa kuchelewa hata usiku mmoja. Baadhi ya wateja watakukimbia, ni kweli, na wa kwanza kukimbia huwa ni wale wanaorudisha kazi mara nane.

Juu ya hizo mara nane sikuonei huruma sana. Mteja harudishi kazi mara nane kwa ukorofi. Anarudisha kwa sababu hakuna mahali ulipoandika kwamba marekebisho mawili yamo ndani ya bei na la tatu linalipiwa peke yake. Andika hivyo kabla ya kuanza, na udai nusu ya malipo kabla penseli haijagusa karatasi. Na mchoro wako una kinga ya haki miliki tangu dakika ulipouchora, kwa kuwa ndivyo Mkataba wa Berne, ulioasisiwa mwaka 1886, unavyozitaka nchi wanachama, bila sharti la kusajili kwanza. Kwa hiyo mteja anayetaka kuutumia mchoro wa jalada kwenye mabango na fulana anataka ruhusa nyingine, yenye bei nyingine. Nina hakika, ingawa hukuniambia, kwamba umekuwa ukimpa bure.

Wale watatu wasiokulipa ndio lengo lako la kwanza, na ninashangaa kwamba katika mistari 23 hawamo. Jasho umekwisha kulitoa, kinachokosekana ni barua. Unasema unaona haya. Anayepaswa kuona haya ni mwenye deni, nawe umemchukulia haya yake ukazibeba wewe miezi yote hii. Barua yenyewe ni sentensi mbili: «Naomba malipo ya ankara ya tarehe fulani, ambayo muda wake umekwisha kupita. Tafadhali nijulishe siku mtakayolipa.» Usianze kwa «samahani kwa usumbufu», usieleze shida zako, usiweke alama ya uso unaocheka. Baada ya siku saba wasipojibu, itume tena barua hiyohiyo, kisha upige simu.

Nirudi kwa mumeo. Mimi nimewaona wanaume wengi katika barua ninazoandikiwa: wanaokopa fedha za biashara ya mke wakazinywa, na wanaosifu kila kitu kwa sababu hawakisikilizi. Huyu wako anainama chini ya meza yako kuokota risiti ya wino uliyoitupa, anasoma tarehe iliyofifia, anaitia katika bahasha ya mwezi wake, na haombi ahsante. Wewe umeliita hilo kukufanya mtoto. Ndoa za siku hizi zimelipunguza neno la kuunga mkono likawa ni makofi, na mwenzi asiyepiga makofi huandikwa katika orodha ya maadui wa ndoto, hata kama ndiye aliyeshika upande wa pili wa mzigo tangu asubuhi. Hao watu wanaoamini ndoto zako utawapata upesi, kwa kuwa kuiamini ndoto ya mwingine hakumgharimu mtu chochote, lakini hawatakuwa wao watakaolipa bili ya umeme wateja wako watatu wasipolipa. Na kuhusu kumficha biashara yako, utaificha wapi wakati risiti zake zote anazo yeye?

Kosa moja ninalo juu yake, naye akisoma asikie. Aliuliza, akaenda kulala. Swali kama lile lilistahili kiti na nusu saa ya subira, hasa kwa mtu aliyekesha akipaka rangi.

Chati ibandue leo. Huna haja ya kuichana, kazi ya mkono si ya kuchanwa. Igeuze, upande wake wa nyuma ni mweupe na unatosha. Kesho jioni mwambie mumeo, bila hotuba, kwamba swali lake hukuwa na jibu lake na unataka kulitafuta, kisha mwombe azilete bahasha. Mwache asome tarakimu, wewe uandike: mwezi gani, mteja gani, siku ngapi, kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka. Mkimaliza bahasha ya mwisho utakuwa na mambo mawili au matatu ya kufanya mwaka huu, na hayatahitaji alama wala rangi. Kama utaniandikia tena, usinitumie malengo. Nitumie kile kilichobaki mkononi kwa kila moja ya majalada yako matatu ya mwisho, na uniambie kama barua za wale watatu zimekwenda.