Kiziwi Alipopanda Madhabahuni

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza ni nani anayestahili kuitwa mwanzilishi wa huduma ya kanisa kwa viziwi. Nadhani wasomaji wengi watamtaja padri Charles-Michel de l'Épée wa Paris, nami sina ugomvi nao. Hata hivyo, jina ambalo ningelitanguliza ni la Henry Winter Syle, kasisi kiziwi wa Marekani wa karne ya 19, na naomba nafasi ya kueleza sababu.

Kwa karne nyingi viziwi walikwamishwa na mstari mmoja wa Waraka kwa Warumi, 10:17, usemao kwamba chanzo cha imani ni kusikia, kwa maana waliousoma kijuujuu walihitimisha kuwa asiyesikia hana mlango wa kuingilia. De l'Épée alipokutana, mnamo 1760 hivi, na ndugu wawili wa kike ambao ni viziwi, alihofu kwamba wangekufa bila kufundishwa dini, akaamua kuwafundisha mwenyewe. Alichokifanya baadaye ndicho kinachompa heshima machoni pangu: alijifunza ishara za viziwi, akajenga juu yake namna ya kufundishia, na shule yake haikuwatoza ada watoto wa maskini.

Lakini kile ambacho padri mmoja alikileta, padri mwingine alisaidia kukiondoa. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, chini ya uenyekiti wa padri Giulio Tarra, uliazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka maneno na si kwa ishara. Na karibu wajumbe wote waliopiga kura walikuwa watu wanaosikia. Lugha ya alama ikafukuzwa madarasani katika nchi nyingi. Huduma iliyo mikononi mwa wanaosikia peke yao huwa hivyo: akija mwema inastawi, akija mwingine inang'olewa.

Syle, aliyepoteza uwezo wa kusikia utotoni, alikuwa muumini wa kanisa la St. Ann's la New York, ambalo Mchungaji Thomas Gallaudet, mwana wa mama kiziwi, alilianzisha mwaka 1852 ili viziwi waabudu kwa lugha yao. Gallaudet alimtia moyo aombe daraja takatifu, yaani afanywe kasisi. Wapo waliopinga, wakidai kwamba aliyepungukiwa na mlango mmoja wa fahamu hafai kuhudumu madhabahuni. Hata hivyo alifanywa shemasi mwaka 1876 na kasisi mwaka 1883, kiziwi wa kwanza katika Kanisa la Episkopali la Marekani.

Anayedhani kwamba tofauti kati ya kiongozi anayesikia na kiongozi kiziwi ni ya heshima tu na atazame ibada ya kawaida. Kiongozi anasema, "Tufumbe macho, tuombe." Kiziwi akitii, sala imekwisha kwake, kwa sababu maneno yote yako kwenye mikono ya mkalimani wa lugha ya alama; asipotii, wenzake humwona hana adabu. Mkalimani mwenyewe, akisimamishwa mbele ya dirisha lenye jua kali, mikono yake hugeuka kivuli. Kiongozi ambaye ni kiziwi hahitaji kukumbushwa mambo hayo. Katika kitubio jambo ni zito zaidi: sheria ya Kanisa Katoliki inaruhusu kuungama kupitia mkalimani, ambaye naye hufungwa na wajibu wa kutunza siri, lakini bado dhambi inapita machoni pa mtu wa tatu.

Barani Afrika hoja hii inathibitishwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza uwezo wa kusikia kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na umri wa miaka 11. Alianzisha misheni yake mwaka 1956, akafungua shule Accra mwaka 1957, na hadi alipokufa katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha zaidi ya shule 30 katika nchi 13, nyingi zikienda sambamba na mafundisho ya Biblia. Kazi yake haikukosa walakini, kwani alifundisha kwa ishara za Kimarekani, ilhali katika kijiji cha Adamorobe, nchini Ghana kwenyewe, viziwi na majirani zao walikuwa na lugha yao ya alama kabla hajafika.