Usizipite bure simu za chungwa kando ya motawei

Ndugu zangu mnaoanza kuendesha Uingereza, mkishazoea kiplefti na kamera za mwendo, zifahamuni pia zile simu za dharura zilizo ndani ya visanduku vya rangi ya chungwa kando ya motawei, yaani zile barabara kuu za mwendo kasi. Wengi huziona masalia ya zamani kwa kuwa kila mtu ana simu mfukoni. Mimi huku naendesha magari ya mizigo, na gari likinifia njiani naitafuta ile ya chungwa kwanza.

Sababu yake ni kwamba mahali ilipo panajulikana. Ukipiga kwa simu yako unaulizwa kwanza uko wapi. Usiku, mvua inanyesha, malori yanakupita kwa kishindo, jina la mahali hulijui, na Kiingereza chenyewe kinakukimbia kwa hofu. Ile ya chungwa haihitaji namba wala salio. Mhudumu wa National Highways, shirika linalosimamia barabara kuu za England, anapopokea, tayari anaona umesimama sehemu gani na upande upi. Gari lilipozima kwenye motawei ya M6, kaskazini ya Birmingham, nilieleza kwa maneno machache tu kwamba gari limekufa na mimi niko nyuma ya kizuizi cha chuma. Yalitosha kabisa.

Kandokando kuna vinguzo vifupi kila mita 100, na mshale wake unaonyesha simu ya karibu iko upande gani. Mara nyingi kutoka simu moja hadi nyingine ni kama maili moja. Ukishindwa kutembea, msomee mhudumu namba ya kinguzo kupitia simu yako.

Lakini uhai kwanza. Washa taa za hazadi, toka kwa mlango wa kushoto, wapitishe abiria wote nyuma ya kizuizi, watoto mkiwashika mkono. Hapa nawasihi hasa tuliojifunzia udereva nyumbani: kule tunatandika matawi barabarani au tunaweka pembetatu nyekundu, na ni jambo jema. Kwenye motawei usiweke pembetatu kamwe, na usibadilishe tairi hata kama ni kazi unayoiweza. Magari yanakuja kasi mno. Ukiongea na simu, geukia magari yanakotokea. Simu ikiwa ng'ambo ya barabara, iache, usivuke. Na kama huwezi kushuka salama, baki na mkanda umefungwa, hazadi zikiwaka, upige 999, namba ya dharura.

Motawei nyingine hazina tena ile njia ya pembeni ya kusimama, zina maegesho ya dharura yaliyopakwa chungwa, na simu iko humo humo. Huko piga hata kama gari limepona, kabla hujaondoka, kwa sababu huna nafasi ya kuchukua mwendo kabla ya kuingia barabarani. Wanaweza kupunguza mwendo wa magari au kufunga njia ya karibu nawe. Subiri wakwambie uondoke.